Nikolai Vavilov, mtu wa mbegu aliyekufa na njala ndani ya buloko

Leo tunawaletea maisha ya Nikolai Ivanovich Vavilov, mtu wa Urusi. Hakuwa jenerali, hakuwa rais, hakutengeneza bomu. Kazi yake ilikuwa kuokota mbegu. Kwa miaka zaidi ya 20 alizunguka dunia na vigunia vidogo, akiingia masokoni na mashambani, akiomba kwa walimaji punje za ngano, za shayiri, za mahindi, za maharagi. Alizikusanya pamoja nyingi kuliko mtu yeyote mbele yake, kusudi watu wasife tena na njala. Yeye mwenyewe alikufa na njala, mwaka wa 1943, ndani ya buloko ya serikali yake. Na kwa kuwa hatuwezi kusema juu ya kila mbegu, tutafuata zaidi moja, ile muke wake Elena Barulina aliichagua kuwa kazi yake: adesi.

Wengine watauliza adesi ni nini. Njo ile Wafaransa wanaita lentilles: punje ndogo, ya duara lakini bapa, sawa kifungo cha shati, nyekundu ao kijani ao kahawia. Kwetu Katanga inaonekana paka kwenye magazini makubwa, na bei yake kali. Lakini kwa Wahindi, Wasiria na Waethiopia ni chakula cha kila siku, kama vile maharagi kwetu. Haiombi kulowekwa usiku muzima, inaiva mbio, na karibu robo ya uzito wake ni protini. Mahali nyama inakosekana, adesi inashika nafasi yake.

Vavilov alizaliwa Moscow tarehe 25 Novemba 1887. Baba yake alitoka kijijini, kwenye jamaa ya walimaji, akaingia mjini na kupanda kidogo kidogo mpaka akakuwa mukubwa katika kampuni ya vitambaa. Kwa hiyo yule mtoto hakulala na njala. Lakini alipokuwa na miaka 4 tu, mwaka wa 1891 na wa 1892, jua lilikausha mashamba ya Urusi na watu mamia ya maelfu wakakufa. Urusi ya wakati ule ilikuwa hivi: nchi kubwa kuliko zote, udongo mweusi mzuri, na kila miaka michache njala. Mdogo wake Sergey alichagua fizikia. Yeye alichagua shamba.

Alisoma kwenye Chuo cha Kilimo cha Moscow. Kitabu chake cha kumaliza masomo kilikuwa juu ya konokono wasio na nyumba mgongoni, wale wanaokula mimea usiku. Si kichwa cha habari cha kumpa mtu sifa, lakini kinaonyesha namna yake: alianzia kwenye shida ambayo mulimaji anaiona kwa macho. Mwaka wa 1913 alienda Uingereza kutumika na William Bateson, mmoja wa wale waliosambaza elimu mpya ya urithi, yaani namna mtoto anavyopokea rangi, urefu na nguvu kutoka kwa wazazi. Vavilov alikuwa na swali moja kichwani. Katika shamba moja, mvua moja, udongo mmoja, ngano hii inaliwa na ugonjwa wa kutu mpaka inabaki majani makavu, na jirani yake inasimama nzima. Juu ya nini? Jibu alilolipata ni kwamba ule usalama unarithiwa. Uko ndani ya mbegu. Basi kama uko ndani ya mbegu, mtu anaweza kuutafuta kule uliko, akauchukua, akauzalisha na mbegu nyingine.

Mwaka wa 1916, vita ya kwanza ikiendelea, askari wa Urusi waliokuwa Uajemi walianza kuanguka kizunguzungu kama walevi, hata bila kunywa pombe. Walimtuma Vavilov kuangalia. Alikuta shida iko ndani ya mkate: ngano ya kule ilichanganyika na jani baya lenye sumu, pamoja na kuvu. Kazi ikaisha, lakini yeye hakurudi nyumbani. Alipanda milima ya Pamir, akakusanya ngano zinazovumilia baridi. Njiani walinzi wa mpaka, watu wa nchi yake mwenyewe, walimkamata wakimzania kuwa mpelelezi wa Wajerumani, juu alikuwa na vitabu na maandiko ya lugha za kigeni. Walimwachilia. Mara ile ya kwanza walimwachilia.

Katika ile milima ya Asia aliona jambo ambalo wachimbaji wetu wataelewa mbio kuliko watu wa ofisi. Chini, watu wanapanda ngano, na ndani yake kuna jani la shamba linaloitwa rai. Unapopanda mlima, baridi inaongezeka, ngano inapunguka, rai inaongezeka. Juu kabisa ngano imekufa yote, na walimaji wanavuna rai peke yake, wanaifanya mkate. Jani la kutupa limekuwa chakula. Vilevile katika mashamba ya adesi kuna jani moja la jamaa yake, ambalo punje zake kwa kawaida ni za mviringo. Watu wanapovuna wanapeta na kuchekecha: ile ya mviringo inatoka, ile iliyo bapa kidogo inapita pamoja na adesi na kupandwa tena mwaka unaofuata. Baada ya miaka mamia, lile jani limepata punje bapa kabisa, huwezi kuitofautisha na adesi kwa jicho. Chekecheke inachagua kwa umbo, haiulizi jina. Wale wanaosafisha minerai kwa maji wanajua habari hii. Mpaka leo wataalam wanaita udanganyifu wa namna hii kwa jina la Vavilov.

Mwaka wa 1917, wakati wa mapinduzi, alienda kufundisha Saratov, mji ulio kandokando ya mto Volga. Risasi zilikuwa zinapigwa nchini, na yeye alikuwa shambani na wanafunzi wake. Mmoja wao alikuwa Elena Barulina, binti wa palepale Saratov, aliyezaliwa mwaka wa 1895. Kule, mwaka wa 1920, Vavilov alisimama mbele ya mkutano wa wataalam akaeleza kwamba mimea ya jamaa moja inabadilika kwa njia zinazofanana. Kama dengu za bustani ziko na maua meupe na ya zambarau, na mimea mirefu na mifupi, tafuta vizuri, utakuta mambo yale yale kwa adesi. Watoto wetu wanaosoma kimia wanaijua ile meza ya Mendeleev, mahali kobalti na shaba ziko kila moja kwenye nafasi yake. Mendeleev aliacha nafasi wazi kwa vitu ambavyo havijaonekana, na kisha vikaonekana. Vavilov alitaka kufanya meza kama ile kwa mimea, kusudi mtu ajue cha kutafuta mbele ya kukipata.

Mwaka uliofuata walimuita Petrograd, ule mji ambao kisha uliitwa Leningrad, aongoze ofisi ya mimea. Na mwaka ule ule wa 1921 njala ilirudi kandokando ya Volga, na safari hii watu waliokufa wanahesabiwa kwa mamilioni. Vavilov alipanda meli kwenda Marekani kutafuta mbegu. Wanafunzi wake wa Saratov, pamoja na Elena, walimfuata kaskazini. Mwaka wa 1926 Elena akakuwa muke wake wa pili. Miaka miwili kisha wakamzaa mtoto wao Yuri.

Sasa zilianza safari zenyewe. Wale waliotumika naye waliandika kwamba alilala saa nne ao tano tu, na kwamba aliwachosha hata punda. Mwaka wa 1924 alipita Afganistani kwa miezi mitano, karibu kilomita 5.000, mingi kwa farasi na kwa miguu, akivuka milima ya Hindu Kush. Alirudi na mbegu za namna zaidi ya 7.000. Mwaka wa 1926 na wa 1927 alizunguka bahari ya Mediterania, Siria, Palestina, kisha Ethiopia na Eritrea. Siria alishikwa na malaria. Addis Ababa alipokelewa na Ras Tafari, yule aliyekuja kuwa mfalme Haile Selassie. Katika masoko ya Ethiopia alikuta ngano na shayiri za rangi na maumbo ambayo hakuyaona popote. Kisha alifika Uchina, Japani, Meksiko, Peru na Brazili. Kila kigunia kiliandikwa: jina la mahali, urefu wa mlima, siku, na maneno ya mulimaji. Ni sawa na jeologi anavyofanya na vipande vya mawe: jiwe bila jina la shimo lilimotoka halina faida, hata likiwa limejaa shaba.

Leningrad, vigunia vya adesi vilipelekwa kwenye meza ya Elena Barulina. Watu wengi wanamtaja kama muke wa mtu mukubwa, na sisi tunaona wanamkosea. Alipanda zile adesi mstari kwa mstari, akapima mimea, maganda, maua, nywele za majani, uzito wa punje. Mwaka wa 1930 alitoa kitabu kizima juu ya adesi za Sovieti na za nchi nyingine. Alizigawanya mafungu mawili: zenye punje kubwa, ambazo ni za upande wa Mediterania zaidi, na zenye punje ndogo, ambazo ni za Asia na Afrika. Zile ndogo akazigawanya tena vikundi sita kufuatana na nchi: moja ya Ethiopia, moja ya India yenye nywele, na nyingine. Watu waliokula adesi kwa miaka elfu walizania ni kitu kimoja. Yeye alionyesha kwamba ni jamaa yenye watoto wengi ambao hawafanani kwa tabia: huyu anavumilia baridi, huyu anatoa maua mapema, huyu ana punje nzito lakini ukame unamuua.

Kutokana na kazi kama hizo Vavilov alisema kwamba mimea tunayoilima ilizaliwa katika sehemu chache za dunia, nyingi zikiwa za milima, na kwamba ukitaka kujua mahali mmea ulipozaliwa, tafuta mahali ambapo namna zake ni nyingi zaidi. Mahindi yalitoka Meksiko na jirani zake. Karanga zilitoka Amerika ya Kusini. Kwa hiyo bukari yetu na karanga tunazoweka ndani ya sombe ni wageni waliozoea. Lakini ile kanuni haikutosha kila mara. Kwa adesi zenye punje ndogo, yeye na Elena walizania kwao ni kule karibu na Hindu Kush, juu kule namna zilikuwa nyingi. Wataalam waliofuata walionyesha kwamba mama wa adesi zote ni jani la porini linaloota Uturuki, Siria na kandokando, na kwamba watu wa kule walikuwa wanaila zaidi ya miaka 10.000 iliyopita. Wingi wa watoto mahali fulani hauonyeshi sikuzote kwamba babu alizaliwa pale. Pengine walihamia na kuongezeka, kama jamaa nyingi za kamboni zetu.

Mpaka mwaka wa 1940 mkusanyo wa Leningrad ulifika mbegu za namna karibu 250.000. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa na kitu kama kile. Serikali ilimpa Vavilov zawadi ya Lenin mwaka wa 1926, na mwaka wa 1929 ikamfanya mukubwa wa kwanza wa chuo kikuu cha wataalam wa kilimo. Mtu angesema ameshafika.

Lakini mbegu hazifuati amri. Mwaka wa 1931 serikali iliamuru kwamba mbegu mpya, ambazo kwa kawaida ziliomba miaka 10 ao 12 kutengenezwa, zitoke kwa miaka 4 ao 5. Wakati ule ule mashamba ya watu yalikuwa yamechukuliwa kwa nguvu na kuunganishwa, na mwaka wa 1932 na wa 1933 mamilioni walikufa na njala, zaidi sana Ukraine na Kazakistani. Wakubwa walitafuta mtu wa kuwapa matunda mbio, na mtu wa kubebesha kosa. Wa kwanza walimpata: Trofim Lysenko, mtoto wa walimaji wa Ukraine, aliyezaliwa mwaka wa 1898. Yeye alisema ukilowesha mbegu na kuiweka kwenye baridi, utabadilisha tabia yake, na mavuno yatapanda. Ile ya baridi ina ukweli ndani yake, na Vavilov mwenyewe mwanzoni alimsifu na kumsaidia kupanda. Hapo tunaona moyo wake mwema ulimfumba macho. Lysenko aliendelea mpaka akakana kabisa kwamba kuna urithi ndani ya mbegu, na wale waliofundisha urithi akawaita maadui wa watu. Aliahidi mbegu mpya kwa miaka miwili ao mitatu. Mwaka wa 1935 Stalin alimpigia makofi mbele ya mkutano. Mwaka wa 1938 alikalia kile kiti cha chuo cha kilimo ambacho Vavilov alikuwa wa kwanza kukikalia.

Kila mtu aliyetumika chini ya bwana anayependa hesabu nzuri kuliko kweli anajua namna mambo yanavyokwenda pale. Wenzake walianza kukamatwa mmoja mmoja. Wengine walimshauri anyamaze, akubali kidogo, apite. Alikataa. Aliwaambia watu wake wazi kwamba hataacha anayoyajua kuwa kweli, hata wakimchoma moto.

Tarehe 6 Agosti 1940 alikuwa safarini upande wa magharibi ya Ukraine, akikusanya mbegu karibu na mji wa Chernivtsi. Mangaribi gari nyeusi lilifika, watu wakashuka, wakasema anaitwa Moscow kwa haraka. Alipanda. Wenzake walipofungua mfuko wake walikuta kishada cha ngano ya zamani sana, aliyoiokota siku ile ile mlimani. Hawakumuona tena.

Walimuuliza maswali kwa miezi 11, usiku mara nyingi, akisimama mpaka miguu ikavimba. Mashitaka yalikuwa kwamba ni mpelelezi wa Waingereza na kwamba aliharibu kilimo kwa makusudi. Tarehe 9 Julai 1941 walimkatia hukumu ya kufa. Baraza lilichukua dakika chache. Wajerumani walikuwa wanakaribia Moscow, basi mwezi wa Oktoba wafungwa walisukumwa ndani ya treni, yeye akapelekwa Saratov, ule mji alikofundisha akiwa kijana. Ndani ya chumba cha chini, bila dirisha, aliwafundisha wafungwa wenzake habari za mimea. Mwaka wa 1942 hukumu ya kufa iligeuzwa kuwa miaka 20, na mwaka ule ule chama kikubwa cha wataalam wa London, Royal Society, kilimchagua kuwa mmoja wao. Tarehe 26 Januari 1943 alikufa, mwili umekwisha na njala. Alikuwa na miaka 55. Alizikwa na wengine ndani ya shimo moja.

Elena alikuwa wapi? Alikuwa Saratov. Vita ilimkimbiza Leningrad pamoja na mtoto wake Yuri, akarudi kwenye mji wa kwao, bila kazi, bila franga, bila habari. Chakula kidogo alichokipata alikifunga na kukituma Moscow, juu alizania muke huyu maskini kwamba bwana yake yuko buloko ya kule. Kumbe alikuwa mji mmoja naye, mwendo wa kutembea kwa miguu. Alipojua, ilikuwa amekwisha kufa.

Na mbegu? Wajerumani walizunguka Leningrad kuanzia Septemba 1941 mpaka Januari 1944. Katika siku za baridi ya kwanza, posho ya watu wengi ilikuwa gramu 125 za mkate kwa siku, mkate uliochanganywa na vitu visivyoliwa. Ndani ya nyumba ya Vavilov mulikuwa magunia na masanduku ya mchele, ngano, mahindi, maharagi, adesi, karanga. Watumishi waligawana zamu za kulinda, kwanza dhidi ya panya, tena dhidi ya wezi, tena, tunaweza kusema, dhidi ya matumbo yao wenyewe. Hawakula. Alexander Shchukin, aliyekuwa na kazi ya karanga, alikufa mezani pake. Dmitri Ivanov, aliyelinda mchele, alikufa, na nyuma yake walikuta maelfu ya pakiti za mchele, nzima. Lidia Rodina, wa shayiri ya farasi, alikufa. Wasiopungua 9 walikufa hivyo, na wengi wanasema walizidi. Kuna watu wanaouliza kama ilikuwa akili kufa na njala pembeni ya chakula. Sisi tunajibu hivi: zile punje hazikutosha kulisha mji wa watu milioni hata siku moja, na nyingi zilitoka mashamba ambayo vita na miji vimekwisha kuyafuta. Wao walijua hesabu ile.

Mwaka wa 1955 serikali ilitangaza kwamba Vavilov hakuwa na kosa. Elena, na ugonjwa wake wote, alitumika juu ya maandiko ya bwana yake mpaka alipokufa mwaka wa 1957. Lysenko alianguka kabisa mwaka wa 1965. Mwaka wa 1967 ile nyumba ya mbegu ilipewa jina la Vavilov. Sergey, yule mdogo wa fizikia, alikuwa ameshafanywa na Stalin mukubwa wa chuo cha wataalam wote wa Sovieti, kaka yake akiwa hajatajwa popote. Hatujui nchi nyingine iliyofanya hivi kwa watoto wa mama mmoja.

Tuone sasa faida ya kazi ile kwa adesi yenyewe. Adesi ilipohama kutoka Siria kuelekea India zamani, ilikuta siku fupi za baridi na joto linalofika mapema. Nyingi zilichelewa kutoa maua, zikauawa na joto mbele ya kuzaa. Zilipona chache tu zenye haraka, na kutokana na hizo chache zilitoka adesi za mamilioni ya hektari za India, Pakistani, Nepali na Bangladeshi. Mashamba mengi, lakini damu moja. Ugonjwa wa kutu ukija, unaoshinda mmoja unaweza kushinda wote. Mulimaji wa Kivu anayepanda maharagi ya rangi nyingi pamoja analijua jambo hili bila kwenda shule: mvua ikiharibu mekundu, ya manjano yanabaki. Wataalam walitafuta ndani ya mikusanyo adesi inayotoa maua mapema kwa sababu nyingine, isiyo ya damu ile, wakaikuta moja kutoka Argentina inayoitwa Precoz. Wanaojua Kifaransa wanasikia jina lake mara moja. Punje zake ni kubwa. Walioza Precoz na zile za India, kazi ya kufungua ua dogo kwa koleo nyembamba mbele halijajizalisha lenyewe, na kutoka hapo mbegu mpya zikapatikana. Ethiopia nayo walipata ile inayoitwa Alemaya, inayosimama mbele ya kutu. Kanada, ambayo mpaka karibu mwaka wa 1970 haikulima adesi, leo inaiuza kuliko nchi zote, na hakuna hata punje moja ambayo asili yake ni kule.

Mkusanyo mukubwa wa adesi, zaidi ya namna 10.000, ulikuwa Siria, karibu na mji wa Aleppo, kwenye kituo kinachoitwa ICARDA. Vita ilipoingia mwaka wa 2012 watumishi walilazimika kuondoka kidogo kidogo. Walikuwa wametuma mbegu za akiba Svalbard, kisiwa cha Norwe karibu na ncha ya kaskazini, ambako mwaka wa 2008 walifungua pango lililochimbwa ndani ya mlima wa barafu, zaidi ya metre 100 kwenda ndani, baridi ya digri 18 chini ya sifuri. Mwaka wa 2015 ICARDA iliomba masanduku yake, mtu wa kwanza kuyaomba tangu pango lifunguliwe. Adesi, ngano na shayiri zilipandwa tena Lebanoni na Maroko, na mwaka wa 2017 walianza kurudisha akiba mpya kwenye pango.

Wachimbaji watapenda kujua kwamba lile pango si la kwanza pale. Mbele yake, tangu mwaka wa 1984, nchi za kaskazini ziliweka mbegu zao za akiba ndani ya mine ya zamani ya makaa, namba 3, karibu na mji wa Longyearbyen. Watu wa kazi walikuwa wamejua siku nyingi kwamba ndani ya shimo lile hakuna kitu kinachooza.